Memori kadi ya Kamachumu: imekufa au imesahau kidogo?

Najua niliwaahidi stori ya pepa za sup, hiyo itakuja. Niko Bukoba, wiki ya tano ya PT, kwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta jirani na stendi. Mvua kila siku, na ndizi nakula mpaka naota majani, teh teh.

Leo tuongelee fleshi. Maana hata sisi tunaosoma kompyuta bado tunasema "fleshi imekufa" kana kwamba ni kuku.

Baba mkubwa wangu yuko Kamachumu, kule Muleba. Juzi kanitumia bahasha kwa dereva wa Hiace, ndani memori kadi ya GB 8. Kuna video tatu alizorekodi mwaka 2017: babu anazunguka kibanja na fimbo yake, anaonyesha hapa kalala baba yake, hapa ndio mpaka, mti huu kaupanda mwenyewe. Lile tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa limepasua nyumba yake, akaona aseme yote angali hai. Alifariki 2019. Kadi ikawekwa kwenye kopo la majani ya chai, haikuguswa tena. Sasa jirani kasogeza migomba yake, wazee watakaa Desemba watu wakirudi kwa Krismasi, na simu inasema kadi ifomatiwe kwanza! Fundi mmoja pale kibandani kaitazama sekunde mbili: "Imekufa hiyo, fomati uanze upya." Nikaichomoa fasta.

Kwa nini nilikataa? Fleshi haiandiki kwa wino. Ndani kuna seli ndogo ndogo mno, kila moja inafungia elektroni nyuma ya ukuta mwembamba, karibu nanomita 10 au chini ya hapo. Mjapani Fujio Masuoka wa Toshiba ndiye aliyeitambulisha kwa dunia mwaka 1984, na aina ya NAND, hii iliyoko kwenye kadi zetu, mwaka 1987. Mwanzoni seli ilibeba biti 1: ina kitu au haina. Baadaye tamaa ikaingia. Biti 2 zinataka viwango 4, biti 3 viwango 8, biti 4 viwango 16, seli ni ile ile!

Chukua kibuyu cha lubisi chenye alama za viwango 8. Ukiangalia kinywaji kimeishia wapi, unajua herufi gani imeandikwa. Sasa panga vibuyu elfu kwenye kabati, uviache miaka saba. Kinywaji kinapungua kidogo kidogo, na vilivyojaa zaidi ndivyo vinavyopungua zaidi. Ukirudi na alama zako za zamani, cha kiwango cha 7 utakisoma cha 6. Utasema imeharibika. Lakini mpangilio bado upo, ni alama tu ndizo zimebaki juu! Zishushe, soma tena.

Hicho ndicho kontrola nzuri inachofanya. Ikisoma ikakuta makosa mengi, inasogeza volteji ya kulinganishia kidogo, inasoma tena, inasogeza tena. Kando yake kuna hesabu ya kusahihisha makosa. Diski nyingi za sasa zinatumia LDPC, ambayo Robert Gallager wa MIT aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ikasahaulika kwa miongo kadhaa, maana kompyuta za wakati ule hazikuiweza. Utamu wake ni kwamba ukiisomea mara kadhaa kwa alama tofauti, inajua seli ipi ina uhakika na ipi iko katikati ya alama mbili, basi inaipa kila moja uzito wake.

Ila kurudia kunakula muda. Mwaka 2014 watu wenye diski za Samsung 840 EVO walishangaa: faili mpya zinafunguka chap, za zamani zinakokota. Chaji ilikuwa imehama. Dawa iliyokuja mwaka 2015 ilikuwa kuifanya diski iandike upya data ya zamani kila baada ya muda. Mwaka huo huo Yu Cai na wenzake wa Carnegie Mellon wakaja na njia ya diski kujifunza mara kwa mara volteji inayofaa kwa kila kundi la seli, ili isianze kubahatisha kila ikisoma. Hiyo mimi naipenda zaidi, maana kuandika upya nako kunachosha seli.

Lakini vyote hivyo vinataka umeme. Kadi iliyolala kwenye kopo la chai hakuna anayeiangalia. Bahati yetu Kamachumu kuna baridi. Joto linaharakisha uvujaji, kadi hii ingekaa Dar miaka yote hiyo sijui ingekuwaje.

Jambo jingine wengi hawalijui: hata kusoma kunagusa. Ukisoma ukurasa mmoja, kurasa jirani za kundi lile zinapata volteji kidogo na elektroni chache zinasukumiwa ndani. Kwa hiyo mambo ya kufungua video, kusogeza mbele, kurudisha nyuma, sikuyataka kabisa. Nilinakili kadi nzima kwa ddrescue: inachukua kwanza panaposomeka kirahisi, panapogoma inaparuka, halafu inarudi. Kadi yenyewe haikuambii inafanya nini ndani, unaona tu sehemu fulani imekaa kimya sekunde nyingi, halafu inajibu. Duh, zile sekunde!

Video mbili zimetoka nzima. Ya tatu, ya upande wa bondeni kwenye ugomvi wenyewe, picha inakatika-katika. Sauti ya babu ipo mpaka anaposema "kutoka hapa kwenye jiwe", halafu kimya.

Sehemu zilizobaki ni chache, nimeiachia mashine irudie usiku huu. Fundi sasa naye anachungulia kila baada ya dakika tano, kasahau habari za kufomati. Baba mkubwa kapiga tena sasa hivi: "Waitu, imesoma?" Nimemwambia anipe mpaka asubuhi.