Barua Iliyolala Sandukuni Siku Tisa

Soni, Lushoto
Julai 2025

Mwanangu mpendwa,

Huku tu wazima. Ukungu wa Julai unashika milima hadi saa nne, maharage tumeshayatoa shambani, na mama yako anameza dawa zake za presha bila kukumbushwa. Mzee wangu ameondolewa mtoto wa jicho upande wa kulia, kushoto bado. Gazeti namsomea mimi, na barua hii nitamsomea kabla sijaifunga.

Nakuandikia kwa sababu ya neno nililolisikia msibani Vuga. Aliyelisema hakujua kwamba mimi ni shangazi yako. Alisema kuna mwalimu Tanga ameteuliwa kuwa mkuu wa shule ya sekondari huko Handeni, na mumewe amemwambia achague, cheo au ndoa. Akaongeza kwamba barua ya kukataa imeshaandikwa, imebaki sahihi tu. Alipotaja kwamba mume huyo ni mwenyekiti wa mtaa, moyo ulinidunda. Sikumuuliza jina. Nilirudi nyumbani na usiku ule sikula.

Kama ni uongo, nisamehe na uichane barua hii. Lakini nilikupigia mara mbili ukaniambia mkeo hajisikii vizuri. Mara ya tatu alipokea mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

Handeni si ng'ambo, baba. Nakuita baba kwa kuwa umebeba jina la baba yangu, na jina hilo nataka nilione likiheshimiwa.

Nitakusimulia jambo ambalo watoto wangu wenyewe hawajapata kulisikia. Nimemwomba mzee ruhusa, akanyamaza kitambo, kisha akasema andika.

Mwaka 1982 tulikuwa tukifundisha shule moja, yeye mwalimu mkuu, mimi mwalimu wa daraja C, darasa la nane na miaka miwili ya chuo. Unaijua sababu ya kuishia darasa la nane. Fedha ya kahawa ilitosha mtoto mmoja kwenda sekondari, akaenda kaka yangu, yaani baba yako, ingawa katika mtihani mimi ndiye niliyemzidi. Marehemu nimemsamehe. Ila sikusahau, na nisingependa uone kana kwamba nilizaliwa bila hamu ya kusoma.

Miaka ile sabuni ilikuwa adimu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini maduka yalikuwa matupu, na mche mmoja wa sabuni tuliopata duka la kijiji tuliukata vipande kwa uzi na kuvifungia kwenye sanduku la bati. Ufunguo alikaa nao mzee. Jioni moja alikuwa akisahihisha mitihani, mtoto akajichafua, akanirushia ufunguo bila kuinua macho. Nikapapasa chini ya suti yake ya harusi kutafuta kipande cha sabuni, mkono ukagusa bahasha. Ilikuwa na jina langu. Ilitoka ofisi ya elimu ya wilaya, imeshafunguliwa, na tarehe ya kupokelewa shuleni ilikuwa ya siku tisa nyuma. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda Korogwe, chuo cha ualimu, mwaka mzima wa kujiendeleza, na nikirudi ningekabidhiwa shule ng'ambo ya pili ya bonde.

Siku ile alinikosea mara mbili. Alinikosea kama mume, na alinikosea kama mkuu wangu wa kazi, kwa maana barua za walimu zilipitia mikononi mwake kwa dhamana aliyopewa na serikali. Angemfichia mwalimu mwingine yeyote barua ya namna hiyo, angewajibishwa. Mimi alinifichia kwa sababu nililala nyumbani kwake.

Sikupiga kelele. Nilimwogesha mtoto, nikapika, na tulipokwisha kula nikampa bahasha mama mkwe. Hapa yakupasa ujue alikuwa nani. Nilipoolewa mwaka 1971 hakujua herufi hata moja. Nilipoanza kufundisha kisomo cha watu wazima jioni, alikaa benchi la mwisho na kujifunika khanga usoni kwa haya. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 aliufanya na kufaulu, na cheti chake kiko ukutani kwetu hadi leo. Katika miaka yangu yote ya ualimu hakuna mwanafunzi ninayejivunia kuliko yule mwanamke.

Akaisogeza karatasi kwenye kandili, akaanza kusoma kwa kidole, silabi kwa silabi. U-me-cha-gu-li-wa. Mwanawe ameinamisha kichwa. Alisoma yote, hadi sahihi ya afisa na muhuri. Kisha akasema maneno ninayoyakumbuka kama alivyoyatamka: "Miaka mingi nililetewa barua nikasomewa nusu, nusu nyingine ikamezwa na msomaji. Sikujua kwamba nimezaa mmoja wao."

Mzee alilia. Sijawahi kumwona akilia tena hadi tulipomzika mama huyo.

Baadaye, kitandani, aliniambia hofu yake. Haikuwa watoto, wala chakula, wala safari. Aliogopa kicheko cha walimu wenzake katika mikutano ya wilaya siku wataketi wote wawili kama wakuu wa shule, na pengine shule yangu ishinde yake. Nakuomba uisome sentensi hiyo mara ya pili, maana nadhani ndiyo inayokukosesha usingizi na wewe. Unasema nyumba itabaki bila mama. Nyumba ina wewe, ina dada yako wa mwisho, ina watoto wawili waliokwisha kuanza shule. Jiulize kwa kweli unachokiogopa ni nini.

Alinibebea sanduku mwenyewe hadi kituo cha basi hapa Soni. Watu walisema nimempa limbwata. Mwaka ule alijifunza kuosha nepi, kusuka nywele za binti, kupika maharage yakaiva. Mtoto wa pili aliugua surua nikiwa chuoni, akakaa naye usiku siku tano bila kuniletea habari mpaka alipopona, akaniandikia barua ya kurasa sita. Ninayo. Nilimpenda upya kwa barua ile.

Na niliporudi kushika shule, kumbe nilikuwa sijui kitu kuhusu fedha. Yeye ndiye aliyenikalisha kila Jumapili jioni akanionyesha daftari la mapato na matumizi, stakabadhi zinawekwaje, ghala la chakula linahesabiwa lini. Nami nilimwambia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyethubutu kumwambia, kwamba kwenye mikutano ya wazazi anaongea peke yake saa nzima halafu anashangaa kwa nini hawajitolei. Akabadilika. Akaanza kuwaacha wazazi waseme kwanza, na darasa lililokwama kwa miaka mitatu likaezekwa. Ndivyo tulivyosomeshana, Jumapili baada ya Jumapili, na bado tunafanya hivyo ingawa shule hatuna tena. Desemba tutatimiza miaka 54. Watu wanatuuliza siri yetu nini, nasi hatuna jibu zuri kuliko zile Jumapili.

Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, mshahara ulikatika. Mama Maria, ambaye naye alikuwa mwalimu, akaendesha duka dogo Dar es Salaam ili watoto wale. Habari hiyo tumeisimulia miaka yote tukimsifu mke aliyembeba mumewe, na sifa hizo ni za haki. Lakini mume anayebeba hatumsimulii. Rais tuliye naye aliolewa mwaka 1978 akiwa karani, na mumewe ni mtaalamu wa kilimo aliyestaafu. Amepungukiwa nini?

Wewe mwenyewe ulibebwa. Ulipogombea uenyekiti wa mtaa mwaka 2024, nani alizunguka nawe nyumba kwa nyumba? Fedha ya kuchapisha picha zako ilitoka kwenye mkopo wake wa VICOBA, na najua kwa sababu aliniambia kwa furaha, akijivunia wewe. Leo unasuluhisha ndoa za watu pale ofisini kwako. Akija mwanamke mbele ya meza yako na kesi kama ya mkeo, utamwambia nini? Na utamtazama vipi usoni?

Kuna mengine, nayasema upesi. Mkopo usikope bila mkeo kujua. Kiwanja cha Pongwe usikiguse, na nyumba mnayoishi Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuruhusu kuiuza wala kuiweka rehani bila yeye kuridhia. Mtoto wa kwanza msimpeleke bweni akiwa darasa la tatu, ni mdogo mno. Mama yako mpigie simu hata kama huna fedha ya kumtumia, anachosubiri ni sauti.

Lakini hayo yote si kitu mbele ya ile karatasi inayosubiri sahihi. Akitia sahihi kwa kukuogopa, hatakuacha, mimi namjua. Atakaa. Atakupikia, atakufulia, atakuitikia. Ila kila utakapoingia jioni atakuwa akikutazama kama mtu aliyemchukulia kitu, nawe hutapata pa kukirudishia. Nimeona ndoa za namna hiyo milimani huku, watu wamezeeka pamoja na hawasemezani ila kuhusu chumvi. Mimi ningekuwa mmoja wao kama si ule mkono uliogusa bahasha. Hakuna ninachomshukuru Mungu zaidi ya kile kipande cha sabuni.

Nimemsomea mzee barua hii. Amesema siku tisa ni sahihi, nisizipunguze. Amesema pia nikuambie kwamba wale walimu aliowaogopa hawakucheka hata mmoja, na shule yangu iliposhinda yake mwaka 1986 yeye ndiye aliyechinja mbuzi.

Jumamosi njooni wote wawili, watoto waacheni kwa dada yako. Pandeni gari la asubuhi, mteremke Mombo, magari ya Lushoto yapo muda wote. Chumba cha uani nimekifagia. Hiyo barua ya kukataa iacheni huko. Ile ya uteuzi aje nayo mkeo, mzee anataka isomwe mbele yake, na isomwe yote.

Shangazi yako