Kuwasoma Waogiek, Maktabani na Mahakamani

Kila mwaka, msimu wa kuchagua mada za tasnifu unapowadia, hutokea mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetaka kuandika kuhusu Waogiek wa Msitu wa Mau, naye huniuliza: nianzie wapi kusoma? Vitabu vipo. Lakini akienda maktabani na jina ambalo watu hao hujiita, atapata machache, kwani sehemu kubwa ya maandishi ya zamani imehifadhiwa chini ya jina "Dorobo". Jina hilo si lao. Asili yake ni Kimaasai, ambako huwataja watu maskini wasio na ng'ombe. Yaani watu hawa wamefafanuliwa kwa kile wasichokuwa nacho, na aliyewafafanua ni jirani mwenye mifugo.

Anayeshikilia kuwa jina ni jina tu na aisome ripoti ya 1934 ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter. Tume hiyo ilipendekeza "Wadorobo" wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo. Kwa maoni yangu, pendekezo hilo liliandaliwa na jina lile. Mtu akishaitwa mkosa ng'ombe, msitu anamoishi huonekana kuwa maficho yake, wala si mali yake. Nasi wasemaji wa Kiswahili tusijitoe lawamani: Waaweer wa Lamu tungali twawaita Waboni, na Waata twawaita Wasanye, bila kuwauliza wenyewe wanajiitaje.

Si kwamba wataalamu wote walipotoka. Roderic Blackburn alieleza jinsi kila ukoo wa Waogiek ulivyokuwa na ukanda wake wa msitu, unaopanda kutoka miinuko ya chini hadi ya juu. Sababu ni asali. Miti haichanui wakati mmoja katika miinuko yote; maua yakikauka chini, mwenye mizinga hupanda juu kuyafuata. Mipaka hiyo haikuhitaji seng'enge. Ilikaa katika majina ya vijito na vilima, na katika kumbukumbu ya nani alitundika mzinga wapi. Mhakiki wa fasihi akilitazama jambo hili ataona kuwa masimulizi ya ukoo hapa si pambo la jioni: ndiyo hatimiliki. Corinne Kratz naye, katika kitabu chake cha 1994 kuhusu jando la wasichana wa Kiogiek, aliziweka nyimbo na hotuba mahali pake stahiki, pamoja na miondoko na mavazi. Ni kitabu kizito, tena cha Kiingereza, lakini sijaona kingine kinachomfaa zaidi mwanafunzi wetu.

Hata hivyo, matini ninayompa kwanza haikutungwa na mwanafasihi. Ni hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotolewa Arusha tarehe 26 Mei 2017. Kesi ilitokana na notisi ya Oktoba 2009 iliyowapa Waogiek siku 30 kuondoka msituni. Serikali ya Kenya ilidai, pamoja na mengine, kuwa Waogiek wamebadilika, hawaishi tena kama zamani, na kwa hiyo utamaduni wanaoutetea haupo. Mahakama ilikataa. Ilisema kubadilika kwa mavazi au makazi hakufuti utamaduni wa watu. Ilikataa pia hoja kwamba wao ndio walioharibu Mau.

Nakiri kuwa niliposoma sehemu ile niliwafikiria wahakiki wenzangu zaidi ya mawakili. Ni mara ngapi tumeikataa ngano katika semina kwa kuwa fanani aliitaja redio au matatu, tukasema imechakaa, si "halisi"? Hoja tuliyoitumia kupanga alama ndiyo ile ile iliyotumika kuwanyima watu ardhi. Hakuna mtaala wetu wa fasihi simulizi ninaoujua unaoisomesha hukumu hii. Inafaa isomeshwe, tena mwaka wa kwanza.

Mahakama haihamishi watu kwa kalamu, wala hairudishi. Mnamo Juni 2022 iliamuru fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157, pamoja na kutambuliwa na kupimwa kwa ardhi ya jadi ya Waogiek. Novemba 2023 familia za Waogiek zilifukuzwa tena Sasimwani, Narok. Kwa mtafiti wa fasihi maana yake ni hii: mzee anayeujua mpaka wa ukoo anaweza kuwa hai, mwenye kumbukumbu timamu, lakini hana tena njia ya kuupitia mpaka huo akiusimulia. Na simulizi la namna hiyo, likisimuliwa kitini mbele ya mashine, hupoteza nusu.

Mwanafunzi wa safari hii amechagua mada hiyo hiyo ya mipaka. Nimemshauri arekodi kwa Kiogiek, wakitembea na wazee kijito kwa kijito pale ambapo bado wanaweza kufika, asitafsiri hata sentensi moja kabla ya wao kusikiliza walichosema, na nakala ya kwanza ibaki kwao.