Nyumba Isiyo na Kuta

Msomaji, ufikapo nyumbani kwa mtu hupiga hodi, ukangoja ukaribishwe. Iko nyumba moja ambayo mimi sikuipigia hodi, kwa kuwa haikuwa na mlango wala kuta. Ilikuwa na sakafu, nguzo na paa, basi. Nataka nikusimulie habari zake, maana ilinifunza jambo ambalo mwalimu kama mimi alipaswa kulijua zamani.

Nyumba hiyo ni banda la muziki lililo katika uwanja wa Clapham Common, kusini mwa jiji la London. Nalikwenda Uingereza kwa masomo ya miezi michache, na Jumapili moja upweke ulinitoa chumbani. Nikaifuata sauti ya matarumbeta mpaka nikaliona banda lenyewe. Sakafu yake imeinuliwa juu ya ardhi, nguzo nyembamba za chuma zimeizunguka, na chini ya paa wapiga bendi walikuwa wameketi. Mzee mmoja alisogea kwenye benchi akanipa nafasi. Hatukusemezana neno. Tulisikiliza pamoja, na upweke wangu ukapungua.

Banda lile lilijengwa mwaka 1890, katika enzi ya Malkia Victoria. Zamani hizo miji ya Uingereza ilikuwa imejaa watu waliotoka mashambani kwenda kufanya kazi viwandani. Walilala katika vyumba vya kubanana na kuvuta moshi wa makaa usiku na mchana. Wenye kuwahurumia walitaka pawepo bustani za umma, na ndani yake muziki, ili mfanyakazi apate burudani nyingine isiyokuwa ya ulevi. Si wote waliokubali. Mwaka 1856 bendi zilizokuwa zikipiga siku za Jumapili katika bustani ya Kensington zilikomeshwa, kwa sababu Askofu Mkuu wa Canterbury alipinga. Na Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko ya maskini. Hata hivyo jambo halikufa. Mwaka 1861 mabanda ya muziki yaliyobuniwa na Kapteni Francis Fowke yalisimamishwa katika bustani ya South Kensington, na baadaye mengine ya namna hiyo yakaenea katika miji mingi.

Umbo la banda la namna hii lina hekima yake. Sakafu imeinuliwa ili sauti ipite juu ya vichwa vya walio mbele na kuwafikia walio nyuma. Paa huirudisha sauti kwa wasikilizaji, isipotee angani. Nguzo ni nyembamba ili zisimzuie mtu kuona. Na kwa kuwa hapana kuta, mpita njia asiye na senti mfukoni aweza kusimama popote akasikia. Mwanzoni mwa karne hii banda la Clapham lilikuwa limechakaa sana, lakini lilitengenezwa, na mwaka 2006 likafunguliwa tena.

Nilirudi nyumbani, na banda lile likanitoka mawazoni hadi Machi 2021. Jioni ya tarehe 3 ya mwezi huo mwanamke wa miaka 33 alikuwa akirudi kwake kwa miguu kutoka Clapham. Askari polisi asiyekuwa kazini alimkamata kwa hila, akamwua. Tarehe 13 watu, wengi wao wanawake, walikusanyika penye banda la muziki wakiwa na maua na mishumaa. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa maradhi ya korona, polisi waliwatawanya, na baadhi yao wakakamatwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliamua kwamba polisi walikuwa wamezivunja haki za wanawake walioanza kuupanga mkutano ule.

Nilipoziona picha, maua yalikuwa yamelizunguka banda lile lile nililolisikiliza kwa furaha. Niliwaeleza wanafunzi wangu habari hiyo, nikamalizia kwa wosia niliouzoea: "Basi nanyi wasichana, msitembee peke yenu jioni."

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "wosia huo tumeusikia mara nyingi. Je, wavulana umewausia nini?"

Darasa zima likanyamaza. Nilitafuta jibu nisilipate. Miaka yote niliyofundisha nilikuwa nimewafunza wasichana kuogopa, na wavulana sikuwafunza neno.

Msomaji, wale waliojenga banda lisilo na kuta walitaka kila mtu alifikie. Lakini haitoshi mtu kuweza kufika. Yampasa pia aweze kurudi nyumbani salama. Bustani ya umma ambayo nusu ya umma huiogopa jua likichwa, ina kuta ingawa hatuzioni. Kuta hizo hazikujengwa na fundi. Hujengwa na kijana anayemzomea msichana njiani, na rafiki zake wanaocheka, na mwalimu anayenyamaza.

Siku hizi wosia wangu huanza kwa wavulana. Nawe, uwe mvulana au msichana, ukipita jioni katika uwanja wa mji wenu, tazama ni nani aliyeketi pale kwa raha, na ni nani anayekwenda mbio bila kugeuka nyuma. Kisha jiulize waweza kufanya nini ili naye apunguze mwendo.