Butembo: Mama aliyehama Kanyabayonga aomba majina matatu kabla ya kulipa dola 40

Mama huyo alifika Butembo mwezi wa sita 2024, wakati waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga, katika teritware ya Lubero. Kule alikuwa na meza yake sokoni, vitenge upande huu, viatu upande ule. Hapa alifika na watoto wanne na simu. Jamaa iliyompokea ilimpa chumba kimoja, na baadaye AVEC ya kartie ikamkopesha dola 180. Tangu hapo anauza sandali za wanawake kwa WhatsApp: anapiga picha kwa tajiri wa jumla, anaziweka kwenye status, mteja akikubali anakwenda kuchukua jozi na kumpelekea nyumbani. Faida ni franka 2000 hivi kwa jozi, na siku nyingine hakuna jozi.

Basi kijana mmoja wa kundi la wauzaji akamwandikia. Alikuwa na orodha ya wauzaji wa jumla 500 wa Guangzhou, Yiwu na Dubai, «wale wale ambao matajiri wa Butembo wanawaficha». Bei dola 40, mwisho leo jioni, kesho ni 80. Pesa ipite kwa simu, kwenye namba ya kijana mwenyewe.

Maneno kama hayo yana uzito Butembo. Kila mtu hapa anajua utajiri wa mji ulitoka wapi: wafanyabiashara wamesafiri miaka mingi kwenda Dubai, Hong Kong na Guangzhou, mali ikashuka Mombasa, ikapita Kampala, ikavuka mpaka Kasindi. Kwa hiyo mtu akisema kuna siri, inaaminika. Na aliyepoteza meza yake anataka sana kuamini.

Mama alikuwa karibu kulipa. Kilichomzuia ni hesabu: dola 40 katika pesa ya deni, na minervali ya mwanawe wa sekondari inangojewa. Akaomba jambo moja tu, apewe majina matatu ya ndani ya orodha kwanza. Kijana alinung'unika, lakini akatuma.

Majina hayo mama aliyapeleka kwa mzee mmoja anayepata kontena kutoka China, ambaye ndiye anamchukulia sandali.

— Papa, hawa watu unawajua?

Mzee alimwita mjukuu wake mwenye simu nzuri. Jina la kwanza lilikubali kuuza hata jozi moja, tena bila kuuliza mnunuzi ni nani. Mzee akacheka. Muuzaji wa jumla wa kweli anakwambia kipimo cha chini, jozi 100 au 300, na mara nyingi anataka kujua unafanya biashara gani. Huyo ni mchuuzi kama mama mwenyewe, ila yuko mbali. La pili liliombwa karatasi ya biashara. Kampuni ya China ina namba ya uandikishaji yenye herufi na tarakimu 18, na serikali yao imeweka daftari ambalo mtu anatafuta bure, hata kama ni kwa Kichina. Walituma picha ambayo namba yake ilikuwa na tarakimu 15. Walipoulizwa tena, wakanyamaza. La tatu lilikuwa kiwanda kweli. Lakini mjukuu alilikuta Alibaba kwa dakika mbili, bila kulipa hata franka.

Hapo mzee alisema jambo ambalo wengi hawalisemi: si kila orodha inayolipisha ni ya wizi. Ziko zinazolipisha kwa sababu zina watu wa kukagua wauzaji, na mteja asiyeridhika anarudishiwa pesa. Cha kuuliza ni nani aliyewakagua hawa, lini, na pesa inarudi namna gani. Hata alama za Alibaba zinapaswa kusomwa vizuri: «Gold Supplier» ni uanachama unaolipiwa, «Verified» ni kwamba kampuni nyingine ilikwenda kukagua. Na ulinzi wao wa malipo unafanya kazi pesa ikipita kwao tu. Muuzaji akikuomba utume pembeni, kwenye akaunti ya mtu binafsi, ulinzi umekwisha.

Mama alimwuliza kijana maswali hayo matatu. Jibu lilikuwa: «Mama, kumbe unaniona mwizi?» Akangoja jibu lingine, halikuja.

Baba mmoja, naye mhamishwa, alikuwa amelipa. Alipata faili yenye majina 500 kweli, namba nyingi haziiti, na mengine yamenakiliwa tu. Wiki iliyofuata akaombwa dola 15 za «kufungua» majina ya Dubai. Alipokasirika, kijana alimweleza ukweli: yeye mwenyewe aliinunua kwa mtu asiyemjua, na akaambiwa atarudisha pesa yake kwa kuiuza kwa wengine. Pesa iliyotumwa kwa simu na kutolewa hairudi kirahisi. Wawili hao bado wanasalimiana kanisani.

Mama hakufuta jina la tatu. Yeye na akina mama wawili wa AVEC walifanya hesabu kwenye daftari la mtoto: bei ya kiwanda, nafasi katika kontena inayohesabiwa kwa mita za ujazo, forodha ya Kasindi, gari mpaka Butembo. Kwa jozi 100 faida ilipita ya sasa, ila si kwa wingi ule kijana alioahidi, na mali ingekawia miezi. Wamechanga dola 6 kila mmoja wapate kwanza mfano, jozi mbili tu, namba 38 na 40. Zitafika na mzigo wa mzee. Picha za sandali za mzee bado zinapita kwenye status kila asubuhi.