Kompyuta iliganda, nikamhukumu mwanangu

Kwa wiki tano nyumbani kwetu Tabata hapakuwa na amani, na chanzo chake kilikuwa kompyuta.

Ni kompyuta ya mezani, ya mtumba, tuliyoinunua Kariakoo. Mama watoto huitumia kuchapa kadi za michango ya harusi, na kijana wetu wa kidato cha tatu huitumia jioni kwa masomo na, ukweli usemwe, kwa magemu pia. Siku moja ikaanza kuganda. Picha inabaki kwenye kioo, kipanya hakisogei, kibodi haiitikii, na hakuna dawa ila kushikilia kitufe mpaka izime. Siku nyingine inakwenda saa mbili bila tatizo, siku nyingine dakika kumi tu.

Sikuuliza mara mbili. "Ni wewe na magemu yako," nilimwambia kijana. Akajibu, "Baba, mimi sijaweka kitu." Nikaona ananijibu. Nikampiga marufuku kuigusa na nywila nikabadilisha.

Fundi wa mtaani alisema ni virusi, akapiga Windows upya kwa Sh20,000. Baada ya siku mbili ikaganda. Nikarudi, akapiga tena. Ijumaa moja usiku mama watoto alikuwa anaandika majina ya wageni 180 kwa mteja wa Jumamosi. Ikaganda akiwa amepita 100 na hajahifadhi. Mteja akapeleka kazi yake kwingine. Usiku ule nilimfokea kijana mbele ya wadogo zake. Nilisema ameiba nywila, nikamwita mwongo. Hakulia. Alikwenda kulala bila kula, na tangu siku hiyo akawa ananiamkia na kupita.

Aliyetuokoa ni binti wa jirani yetu, aliyesomea ufundi VETA. Alikuja Jumapili mchana na bisibisi, brashi na flashi mbili. Nikamweleza habari za magemu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Baba, huwa inaganda lini?"

Sikuwa na jibu. Kijana, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaenda chumbani akarudi na daftari lake la fizikia. Kurasa za nyuma alikuwa ameandika tarehe na saa za kila ilipoganda, na mama yake alikuwa anafanya nini wakati huo. Mara 14. Mara mbili iliganda Windows ikiwa bado inawaka, hakuna aliyegusa kitu. Ushahidi wote ulikuwemo nyumbani mwangu, na sikuwahi kuuliza.

Binti akachomoa waya wa hadi diski, akaiwasha kwa mfumo wa Linux uliokuwa kwenye flashi. Tukanywa chai tukisubiri. Dakika ya 40 ikaganda. "Windows haimo humu, wala magemu hayamo," alisema, "lakini imeganda. Ugonjwa uko kwenye vyuma."

Nilimtazama kijana. Alikuwa anaangalia chini.

Tukachomoa umeme na kufungua kasha. Vumbi la barabara yetu lilikuwa limejaa kwenye feni ya prosesa kama pamba ya mto. Joto likizidi prosesa hupunguza kasi, na kompyuta inaweza kuganda au kujizima. Binti akagusa chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vifaa, akaizuia feni kwa kidole na kusafisha kwa brashi. Akakagua kapasita kama zimevimba juu, hazikuvimba. Alipoiwasha, joto lilikuwa limeshuka kutoka nyuzi 78 hadi 49.

Mimi nilikuwa tayari kutangaza ushindi. Yeye akasema tungoje. Baada ya saa moja ikaganda tena.

"Tubadilishe kitu kimoja kimoja," alisema. "Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kibovu." Akachomeka flashi ya pili yenye programu ya Memtest86+, inayopima RAM, akasema tuiache mpaka asubuhi. Asubuhi kioo kilikuwa na mistari myekundu ya makosa.

Alitueleza hivi: RAM ni kama ubao ambao kompyuta inaandikia kazi ya sasa hivi. Sehemu moja ya ubao ikiwa mbovu, inaandika hiki na kusoma kile, kisha inapotea njia. Ikiwa haijafika sehemu hiyo, inakwenda vizuri tu. Ndiyo maana iliganda siku yoyote na saa yoyote.

Zilikuwemo RAM mbili. Akapima moja peke yake, ikapita. Akapima ya pili katika tundu lile lile, ili tujue kosa si la tundu. Makosa yakarudi. Akasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, lakini haikusaidia. RAM nyingine ya mtumba ikatugharimu Sh15,000, pungufu ya Windows moja ya bure niliyopigiwa.

Kabla haijafungwa nikawaita wadogo zake, kwa sababu walikuwepo nilipomfokea. Nikasema mbele yao, "Kaka yenu hakusema uongo. Mimi ndiye niliyekosea, na ninaomba radhi." Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Akajibu, "Sawa, baba." Kisha akauliza kama anaweza kuifunga yeye. Binti akamwonyesha upande wa kuingizia; akaibonyeza mpaka ikalia kwa!

Mzazi mwenzangu, kompyuta yako ikiganda, kwanza nakili kazi zako kwenye flashi, maana hujui kesho kitakufa nini. Andika inaganda lini. Iwashe bila Windows yako uone. Safisha vumbi, pima RAM, gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na kabla hujauliza nani ameharibu, hakikisha kwanza kuna mtu aliyeharibu.

Sasa ni mwezi wa nne, haijaganda. Nywila ya sasa ameiweka kijana. Nami nikitaka kuitumia, namwomba.