Kukusanya si Kulimbikiza



Kila majira ya Noeli na ya kipaimara yanapokaribia, wengi wenu hutuuliza swali moja: mtu asiye na fedha nyingi ampe mwenzake zawadi gani ambayo haitasahauliwa kabla ya mwezi kwisha? Mwaka huu tungependa kulijibu kwa kuzungumzia burudani ambayo wakubwa huiona ya kitoto, nayo ni kukusanya vitabu vya katuni, vile mnavyoviita bede, pamoja na vitu vidogo vya ukumbusho: stempu, beji, kadi za picha, noti zilizokwisha kupoteza nguvu, vikwembe vya sikukuu za zamani. Kwa zaidi ya miaka ishirini tumekuwa tukiwaandaa walimu wa kesho, na karatasi hizo tumezikusanya tangu ujana wetu. Tunayo sababu ya kuamini kwamba burudani hiyo inabeba jambo zito.

Tuanze na fedha, kwa maana ndizo watu hutuuliza kwanza. Mwaka 1938, huko Marekani, lilitolewa toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Liliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo hilo ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Waliombuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa wameuza haki zao kwa dola 130. Mjini Paris, Januari 2021, mchoro wa rangi ambao Hergé aliuandaa mwaka 1936 kwa ajili ya jalada la kitabu chake Le Lotus bleu uliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 3.

Kijana akisikia hesabu hizo, moyo humdunda, akatamani kuanza kukusanya usiku huo huo ili awe tajiri. Basi na asikilize habari ya pili. Vitabu vya mwaka 1938 vimekuwa ghali kwa sababu watoto walivisoma, wakavichana, wazazi wakavitupa, na wakati wa vita karatasi kuukuu zikakusanywa kwa mahitaji ya taifa. Vilivyosalia ni vichache mno. Mwaka 1991, watu walipokwisha kujua bei za vitabu vya kale, lilitoka toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men. Zilichapwa nakala zaidi ya milioni 8. Wengi walinunua nakala tano, kumi, wakaziweka katika mifuko bila kuzisoma, wakingoja bei ipande. Kwa kuwa kila mmoja alikiweka, kitabu hakikuwa adimu hata kidogo, na leo hupatikana kwa dola chache tu. Miaka iliyofuata, maduka mengi yaliyoishi kwa biashara hiyo yalifunga milango.

Hapo ndipo tunapotofautisha kukusanya na kulimbikiza. Mwenye kulimbikiza huuliza kitu kitauzwa kwa bei gani. Mwenye kukusanya huuliza kitu hicho kimetoka wapi, nani alikishika, kinasema nini, na nani atakihitaji sisi tutakapokuwa hatupo. Maneno yetu yanayofuata ni kwa ajili ya huyu wa pili.

Nchi yetu haikukosa vitu vya kukusanya. Mwaka 1968, mjini Kinshasa, lilianzishwa gazeti Jeunes pour Jeunes, ambalo vijana wa wakati ule waligombania, wakicheka mikasa ya askari polisi Apolosa. Mongo Sisé aliwachora Mata Mata na Pili Pili, kisha akambuni Bingo. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amefika mbali kwa kalamu yake, na vitabu vyake vimechapwa Ulaya. Mapadri na Mabruda wa Mtakatifu Paulo walichapa mjini Kinshasa hadithi za picha zenye visa vya Biblia na masimulizi ya wazee wetu. Katika Katanga yetu kulikuwa na Mwana Shaba, gazeti la wafanyakazi wa migodi, na nduguye mdogo aliyeandaliwa kwa ajili ya watoto. Shuleni tulipokezana Kouakou, gazeti lililotoka Ufaransa na kugawiwa bure, mpaka kurasa zake zikawa laini kama kitambaa.

Je, ni nani kati yetu anayeweza kutuonyesha leo nakala kumi tu za magazeti hayo?

Katika mtaa wetu aliishi mzee mmoja aliyefanya kazi migodini kwa zaidi ya miaka thelathini. Chini ya kitanda chake alikuwa na sanduku la bati lililojaa Mwana Shaba, matoleo yaliyopangwa mwaka kwa mwaka, na kati ya kurasa zake aliweka picha za harusi za jirani, kadi za wafu, tiketi za mpira. Alipofariki, sanduku liligawanywa kama urithi mwingine. Bati lilikuwa na thamani, karatasi hazikuwa na thamani. Muda mfupi baadaye tulinunua karanga penye njia panda, tukafungua karatasi iliyokunjwa kama pembe, na ndani yake tukaona nusu ya kisa cha picha na nusu ya safu ya vijana waliopokea vyeti vya ufundi. Majina yao yalikatwa katikati. Tulimwuliza muuzaji kama amebakiwa na karatasi nyingine. Akatujibu kwa heshima, "Baba, hizo za jana ndizo zilizokuwa za mwisho."

Hatumlaumu yule mama muuzaji, wala watoto wa marehemu waliokuwa na matanga ya kulipia. Hakuna aliyewaambia kwamba karatasi zile zilikuwa kumbukumbu ya mtaa mzima. Lakini tujue hasara inavyokuja. Haiji daima kwa moto na vita, ingawa navyo vimetunyang'anya mengi. Huja pia kwa mchwa, kwa paa linalovuja, na kwa karanga za franka chache.

Kwingine mambo yalikwenda tofauti. Mnamo mwaka 1990, mjini Kinshasa, msanii aitwaye Papa Mfumu'eto wa Kwanza alianza kuchora na kuuza mwenyewe vijitabu vya Kilingala, kwenye karatasi duni, vyenye visa vya majoka, vya uchawi, na vya mapenzi ya mjini. Wasomi wengi wa wakati ule wasingeviweka hata kwenye rafu ya chini. Leo karatasi zake zinahifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Tunawashukuru waliozihifadhi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kinshasa atakayetaka kujua mji wake ulicheka nini na kuogopa nini katika miaka ile migumu, itambidi kutazama ng'ambo ya bahari. Kilichosomwa huku kimepata wa kukitunza kule.

Pengine mmoja wenu atauliza: je, inafaa kuhifadhi hata kile kinachotutukana? Swali hilo ni la haki, nalo linahusu kitabu maarufu kuliko vyote vilivyotaja jina la nchi yetu, yaani Tintin au Congo. Tintin alizaliwa tarehe 10 Januari 1929 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya vijana ya gazeti la kikatoliki la Brussels lililoongozwa na Abbé Norbert Wallez. Kisa cha Kongo kilifuata katika miaka ya 1930 na 1931. Hergé alikichora bila kukanyaga ardhi yetu, akawachora babu zetu kama watoto wasio na akili. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja aliyeishi Ubelgiji alipeleka mashtaka mahakamani akitaka kitabu kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi lake. Wakati huohuo, wachonga mbao wa Kinshasa wanamchonga Tintin, wanampaka rangi na kuwauzia wageni, na kwa fedha hiyo wanalipa karo za watoto wao.

Sisi hatukukichoma kitabu hicho. Tunacho, na tunakitumia darasani. Katika toleo la kwanza, Tintin anaingia katika shule ya misioni na kuwafundisha watoto Wakongomani kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé alikichora upya kwa rangi, na somo lile likageuka kuwa hesabu ya kujumlisha. Tunaziweka kurasa hizo mbili mbele ya wanafunzi wetu wa ualimu na kuwauliza: kwa nini mchoraji alibadilisha somo? Na wewe utakaposimama mbele ya watoto, utawaambia nchi yao ni ipi, na utaionyesha kwa kitu gani? Hatujapata njia bora kuliko hiyo ya kufundisha wajibu wa mwalimu. Tusi lililotunzwa pamoja na tarehe yake hugeuka kuwa ushahidi. Tusi lililofichwa huweza kurudi likiwa limevaa nguo mpya.

Vivyo hivyo kwa vitu vya ukumbusho. Tunayo noti ya zaire milioni 5, iliyotolewa mwaka 1992 na kukataliwa na wafanyabiashara. Mwanafunzi akiishika mkononi na kuambiwa kwamba askari waliolipwa noti za namna hiyo walipora miji mwanzoni mwa mwaka 1993, huelewa kuporomoka kwa fedha upesi kuliko kwa kusoma kurasa kumi. Mama mmoja wa jumuiya yetu bado ana kikwembe cha ziara ya Papa Yohane Paulo II ya Mei 1980. Hakivai tena. Hukikunjua pale wajukuu wanapomwuliza kuhusu siku zile.

Sasa turudi kwenye zawadi. Miaka michache iliyopita, mtoto wetu wa ubatizo alipomaliza shule ya msingi, tulimpa albamu kuukuu ya Mata Mata na Pili Pili, tuliyoipata kwa muuza vitabu vya zamani kandokando ya barabara. Tuliona usoni pake kwamba alitarajia simu. Alishukuru kama alivyolelewa, akaiweka mezani. Bibi yake, mwenyeji wa Kasai, hakuwa msemaji. Alikuwa akiishi nyumbani humo kama mtu aliyeketi kituoni akingoja gari. Alipoliona jalada akaanza kucheka peke yake. Kumbe alipokuwa msichana aliwaona Mata Mata na Pili Pili wakitembea kwenye kitambaa cheupe, usiku, uwanjani, katika filamu alizozitengeneza Padri Albert Van Haelst, mmisionari wa Scheut. Usiku ule alisimulia uwanja, mashine iliyonguruma, watu waliokaa upande wa nyuma wa kitambaa, na baba yake aliyembeba mabegani ili aone. Kijana hakuwa amewahi kusikia jina la baba huyo. Aliliandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, akakitia ndani ya albamu. Bibi amekwisha kutuacha, lakini karatasi ile ingalipo.

Albamu hiyo ilitugharimu chini ya bei ya kuku mmoja.

Basi, kijana anayetaka kuanza, afanye hivi. Achague jambo moja dogo analolipenda kweli: katuni za wachoraji wa Kongo, au stempu za miaka fulani, au beji za sikukuu za parokia. Asikusanye kila kitu, maana atashindwa kukitunza. Karatasi zake aziweke mahali pakavu, mbali na jua, katika sanduku lililoinuliwa juu ya matofali ili mchwa wasilifikie, na alifungue mara kwa mara lipate hewa. Asizibe machozo kwa utepe wa gundi, kwa maana gundi huacha doa lisilotoka. Pini zenye kutu aziondoe polepole. Kwa kila kitu aandike kwenye kipande cha karatasi, kwa penseli: kilitoka kwa nani, wapi, tarehe gani, na mwenye nacho alisema nini. Kitu kisicho na maelezo hayo ni nusu ya kitu. Asichukue kamwe kutoka maktaba ya shule wala kabati la parokia. Kilichoibwa hakikusanywi, kinapotezwa mara ya pili.

Na anayetaka kutoa zawadi, asitafute kwanza kilicho ghali. Atafute kinachomhusu anayepewa: gazeti la mwaka aliozaliwa mama yake, kadi ya picha ya mji ambao ukoo wake uliuacha, katuni aliyoisoma baba yake alipokuwa darasa la tano. Aambatanishe ukurasa mmoja wa maelezo kwa mwandiko wake mwenyewe. Na kama ana kipaji cha kuchora, achore kisa cha familia yake katika kurasa nne, atie tarehe na sahihi. Barly Baruti naye alianza na karatasi na kalamu.

Tunavialika vikundi vyenu vifanye zoezi moja kabla ya Noeli. Katika mkutano ujao, kila mmoja alete kitu kimoja cha zamani kutoka nyumbani kwao, kwa ruhusa ya mwenyewe, na awe amemwuliza mzee mmoja habari zake. Mwandishi wa kikundi aziandike habari hizo katika daftari. Kisha kila kitu kirudishwe kwa mwenyewe, na daftari libaki. Fanyeni upesi, wapendwa. Wazee wanaozijua habari hizo wanapungua kila mwaka, na wauza karanga hawakosi karatasi.