Luteni Aliyenyimwa Mtumbwi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa nafundisha historia Kasongo, mashariki mwa Kongo, mtu akitaja meli sisi tulifikiria Kalemie, bandari ya Ziwa Tanganyika. Mji wetu ulikuwa wa miembe, misikiti na baiskeli zilizolemewa magunia ya mpunga na vidumu vya mawese. Habari za mbali zilishuka na treni ya Kindu pale Samba, kama treni yenyewe ilikuwa imefika. Kitabu cha darasa kilimpitia Verney Lovett Cameron kwa sentensi moja: ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekatiza Afrika toka mashariki hadi magharibi. Mtoto mmoja, kwao Nyangwe, akanyoosha mkono. “Mwalimu, kama ni mtu wa meli, meli yake aliiacha wapi?”

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi swali lile lilininyima usingizi.

Mapadri walikuwa na maktaba ndogo yenye vitabu vya Kifaransa vilivyoliwa na mchwa kwenye kingo. Padri mmoja alikuwa anakwenda likizo Ulaya; nikamwandikia maswali kwenye karatasi ya daftari, akayapeleka kwa rafiki yake aliyekuwa akisoma Uingereza. Majibu yalirudi baada ya masika kupita, bahasha nene ya fotokopi na maelezo kwa mkono. Ndipo nilipojifunza kazi hii inavyofanywa. Karatasi za Wizara ya Majini ya Uingereza ziko Kew, pembeni ya London, na za kumfuatilia ofisa ni za aina tatu. Kuna orodha ya maofisa iliyochapwa mara kwa mara, inayoonyesha nani yuko meli gani. Kuna daftari la utumishi, ambamo kila ofisa ana ukurasa wake wa tarehe za kupanda na kushuka melini na neno la wakubwa wake juu ya tabia yake. Halafu kuna madaftari ya meli zenyewe, yanayotaja upepo, mahali na kazi za kila siku.

Mtego uko kwenye orodha. Jina la meli likikaa mbele ya jina la mtu, msomaji mwenye haraka humfanya mtu huyo nahodha. Cameron alizaliwa mwaka 1844 na kuingia jeshini mwaka 1857, mtoto wa miaka 13. Alipanda meli nyingi. Alikuwamo kwenye Star, iliyowinda majahazi ya watumwa pwani ya Afrika Mashariki. Lakini mle alikuwa luteni chini ya nahodha wake, na cheo cha Kamanda alipewa mwaka 1876, safari ya Afrika ikiwa imekwisha. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilipomtuma mwaka 1873 kumsaidia mpelelezi Livingstone, ilimpa wapagazi na mizigo. Kufika Unyanyembe, akakutana na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, wakimbeba bwana wao, maiti iliyokaushwa, kuelekea pwani. Mwingine angegeuza. Yeye akaendelea hadi Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika, akaingia Manyema, upande wetu.

Nilikwenda Nyangwe kwa baiskeli, kuonyeshwa maji na kijana yuleyule wa swali. Mto Lualaba pale ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, na unakwenda kimya kuliko unavyotazamia. Wagenya, wavuvi wa mto huo, walikuwa wanashusha samaki. Mtumbwi wao ni gogo moja refu, na wapiga kasia husimama, mmoja nyuma ya mwingine, wakiinama pamoja. Hapa ndipo Cameron alipofika Agosti 1874 akitaka mitumbwi ya kuteremkia, ajue mto unakomea wapi. Livingstone alikuwa ameomba hivyohivyo mwaka 1871 akanyimwa. Cameron alitoa kauri, na wenye mitumbwi wakataka watumwa. Mtu wa Star! Alikataa, akakosa chombo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ndiye aliyemshauri ashike njia ya kusini, na luteni akatembea kwa miguu mpaka pwani ya Angola, akaiona bahari Novemba 1875. Miaka miwili baadaye mpelelezi mwingine, Stanley, alifika kwa Tippu Tip, akakodi watu wenye bunduki wamsindikize, na huyo mitumbwi aliipata.

Nilipowasimulia wale wavuvi, mmoja aliuliza tu kama muzungu yule alijua kuogelea.

Kabambare nilikwenda kwa sababu nyingine. Niliambiwa kuna mzee aliyefanya kazi melini. Njia ilikuwa matope mpaka magoti, lori likilala porini na sisi chini yake. Kwa watu wa karatasi, Kabambare ni Bambarre ya Livingstone: alifika hapo Septemba 1869, vidonda vya miguu vikamlaza miezi mingi, na daftari lilipomwishia akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea. Wino huo ulififia hata wataalamu wakalazimika kuupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali; mwaka 2011 maandishi yakasomeka tena.

Mzee alinipokea barazani, akaamuru niletewe sombe na wali kwanza. “Mwalimu, andika. Miye nilitumika mu Baron Dhanis.”

Nikaacha kula. Dhanis ni jina linalojulikana kila nyumba kwetu: ndiye aliyeuteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipovunja dola ya Waarabu na waungwana wao. Hakuwa mwanamaji hata siku moja, lakini Wabelgiji waliipa meli ya Tanganyika jina lake. Vita vya 1914 viliikuta bado ni vipande vya chuma visivyounganishwa. Kwa hiyo waliomenyana na Wajerumani ziwani walikuwa Waingereza wa Spicer-Simson, na boti zao mbili, Mimi na Toutou, walizozivusha nchi kavu kupitia Katanga. Spicer-Simson naye ni somo la orodha. Vitabu vingi humpa Niger, meli iliyozamishwa karibu na Deal, pwani ya Uingereza, Novemba 1914. Yeye alisimamia kundi la vyombo. Nahodha wa Niger alikuwa Arthur Muir. Adui wa Spicer-Simson ziwani, Gustav Zimmer, hana utata: aliongoza Möwe mpaka Wajerumani walipoizamisha wenyewe Dar es Salaam Agosti 1914, ndipo akahamia Kigoma.

Mzee alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, katika karatasi hizo za Ulaya, wale wa kutupa kamba na kulisha moto wanaandikwa ukurasa gani. Nikamwambia huko majina ya mabaharia wa chini hupatikana pia, ila kwa tabu zaidi. Kwa meli za Tanganyika ingetakiwa kutafuta vitabu vya mishahara vya CFL, kampuni ya reli. Akacheka. Akanitaka nigeuze daftari ukurasa mpya, akaanza kutaja: boti la kuvuta aliloanzia Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, tishari la mahindi, kisha Baron Dhanis, na kwa kila chombo jina la kapitene, mpole au mkali, na siku ya malipo. Liemba, ile Götzen ya Wajerumani iliyofufuliwa, alikataa nisiitie. “Ile nilipandaka kama pasenje,” akasema. “Futa.”